Safari ya Kipungani

Wengi wetu hapa mjini Lamu tumeshafika Malindi na Mombasa, lakini Kipungani, kijiji kilichomo kisiwani mwetu wenyewe, hatujakitia mguu. Hata mimi nilikuwa hivyo hadi likizo iliyopita, nilipofuatana na mjomba. Basi nimeona niwaeleze namna ya kwenda, pamoja na kosa nililolifanya, ili nanyi msilirudie.

Kipungani iko upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kwa mashua, kuzunguka nyuma ya kisiwa kupitia Matondoni kwa mafundi wa majahazi. Huko kuna mikoko na maji haba, kwa hivyo nahodha hungoja maji yajae, la sivyo chombo kitakwama topeni. Ya pili ni kwa miguu kutoka Shela, ufuo wa kilomita kama 12. Wa miguu naye hungoja maji yapwe, apate mchanga mgumu wa kukanyaga. Na kumbukeni, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa nne, kesho ni karibu saa tano.

Sisi tulikwenda kwa miguu. Jamani! Hakuna kivuli wala duka. Kushoto bahari, kulia vilima vya mchanga. Lakini msidhani vilima vile ni jangwa tu. Mvua ikinyesha, mchanga huyachuja maji na kuyahifadhi chini, nayo ndiyo maji ya visima vya Shela tunayoyanywa huku mjini.

Tulipofika nilimkuta bibi mmoja barazani akisuka. Nikamuuliza bei ya mkeka, akanitajia. Nikasema, "Ah, Bibi, ghali hiyo! Nipunguzie nusu."

Hakukasirika. Akanambia, "Keti, mjukuu wangu. Suka shibiri moja tu, kisha bei utaitaja wewe."

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza miyaa hukatwa na kuanikwa juani mpaka ikauke. Pili, huchanwa vipande vyembamba, na mingine huchemshwa na rangi. Tatu, husukwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba. Mwisho, kili hushonwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, hadi mkeka utimie. Sasa hesabu mwenyewe hizo siku!

Mimi vidole viliniuma, ukili ukaenda upande, na shibiri haikutimia. Bibi akaufumua wote. Mjomba alicheka hadi machozi. Nikatoa pesa kamili, sikusema neno.

Basi ukienda Kipungani, uliza maji ya bahari, beba maji ya kunywa, na kabla hujasema "punguza", uliza kwanza kitu kimefanywaje. Aisifuye mvua imemnyea. Mkeka wenyewe ndio ninaokalia usiku nikidurusu.