MAHADHI YA WIMBO NA MISINGI YAKE

Hapana mtu mwenye masikio mazima asiyejua kupambanua wimbo na maneno matupu. Lakini ukiuliza ni kitu gani kiufanyacho wimbo kuwa wimbo, wachache watakujibu upesi. Mmoja atasema ni maneno, na mwingine atasema ni ngoma. Basi yaache maneno, uvumishe tu kwa midomo iliyofumbwa, nao watu watautambua wimbo. Inyamazishe ngoma, na bado watautambua. Kile kilichobaki ndicho kiitwacho mahadhi, na wengine hukiita lahani. Twapenda kueleza misingi yake kwa kuwa walimu wengi hutunga nyimbo za kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa, au kupeleka watoto shuleni, na wimbo ambao maneno yake hayasikiki haumfundishi mtu neno lo lote.

Kwanza yafaa tujue sauti ni nini. Sauti ni mtetemo. Uzi wa zeze ukitetemeka upesi, sauti huwa nyembamba, nasi twasema iko juu. Ukitetemeka polepole, sauti huwa nene, nasi twasema iko chini. Mwaka 1939 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana London, wakapatana kwamba sauti ya kulinganishia ala za muziki iwe ya mitetemo 440 kwa sekunde. Hesabu hiyo ikizidishwa mara mbili, yaani 880, husikika sauti ile ile, ila iko juu zaidi. Ndiyo sababu wanaume na watoto waweza kuimba mahadhi yale yale pamoja bila kugombana, ingawa sauti za watoto ziko juu na za wanaume ziko chini.

Kati ya sauti moja na mwenziwe wa juu, watu wameweka vidato, kama vya ngazi. Walimu waliojifunza solfa wavijua kwa majina yao: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do ya juu. Asili ya majina haya ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11. Na katika karne ya 19 John Curwen wa Uingereza aliyaeneza kwa kuyaandika kwa herufi tu, hata mtu asiye na kinanda aweza kujifunza. Vidato hivyo havilingani: toka mi hata fa, na toka ti hata do, ni nusu ya kidato. Wala ngazi hii si ya watu wote. Nyimbo nyingi za Afrika zina vidato vitano tu. Na Wagogo wa katikati ya Tanzania wana ngazi yao wenyewe, isiyolingana na ya kinanda. Basi asiseme mtu kwamba wimbo wa wazee umekosewa kwa sababu haupatani na kinanda.

Sasa tuyatazame mahadhi yenyewe. Mambo manne yatosha kwa mwanzo. La kwanza ni mwendo: sauti hupanda na kushuka, mara kwa kidato kimoja kimoja, mara kwa kuruka. Vidato huimbika kwa urahisi. Miruko huamsha masikio, lakini ikizidi huwachosha waimbaji. La pili ni nyumbani: kila wimbo una sauti moja ambayo masikio huitamani kama msafiri atamanivyo kwake, na katika solfa mara nyingi ni do. La tatu ni kifungu: mahadhi hukatwa mahali pa kuvuta pumzi, kama vile usemi ukatwavyo kwa vituo. La nne ni kurudia: kifungu kikirudiwa, watu hukishika.

Tutoe mfano mdogo, tulioutunga kwa ajili ya maelezo haya. Maneno ni: “Karibuni wageni, leo tumefurahi.” Kila kifungu kina mizani saba. Kifungu cha kwanza kiimbwe hivi: do, re, mi, re, mi, so, re. Mwimbaji akinyamaza hapo, masikio hungoja, kwa kuwa re si nyumbani. Ni kama mtu aliyeuliza swali. Kifungu cha pili kiimbwe: so, mi, re, re, mi, re, do. Sasa tumefika, swali limejibiwa. Sauti zote zi kati ya do na so, hivyo mzee na mtoto waweza kuimba bila kujikaza. Wala urahisi si aibu. Mwaka 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, tume ya wanamuziki watano ilichukua mahadhi ya wimbo wa kubembelezea mtoto, wa Wapokomo wakaao kando ya Mto Tana.

Lakini jambo kubwa tunalotaka kuwakumbusha watungaji ni hili: mahadhi yayafuate maneno. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili toka mwisho: wa-GE-ni, sha-MBA-ni. Katika mfano wetu, silabi “ge” ilipata sauti ya juu kabisa ya kifungu chake, na hivyo neno lilisikika kama lisemwavyo. Lakini mahadhi mengi yaliyotoka Uingereza yalitungiwa mistari ambayo silabi yake ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mwalimu akichukua mahadhi ya namna hiyo na kuyavika maneno ya Kiswahili, pigo kubwa huangukia silabi dhaifu, na watoto huimba “wageNI” na “shambaNI”. Hata maana yaweza kupotea: barabara yenye mkazo wa silabi ya pili toka mwisho ni njia kuu, na barabara yenye mkazo wa silabi ya tatu toka mwisho ni sawasawa kabisa.

Katika lugha ambazo maana hufuata kupanda na kushuka kwa sauti, hatari ni kubwa zaidi. Kikuyu, Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo ni miongoni mwake. Mfano ulio wazi ni Kiyoruba cha Nigeria, ambamo neno moja lenye herufi zile zile laweza kuwa mume, au jembe, au chombo cha kusafiria, kwa jinsi sauti inavyopanda au kushuka. Mahadhi yakipanda mahali neno lishukapo, mwimbaji amesema neno jingine asilolikusudia. Mwalimu Ephraim Amu wa Ghana (1899–1995) aliliona jambo hili, akatunga nyimbo ambazo mahadhi yake hufuata sauti za Kiewe na Kitwi kama watu wasemavyo.

Kwa hiyo shauri letu kwa atakaye kutunga ni hili. Aandike maneno kwanza, ayasome kwa sauti kubwa kama asemavyo barazani, na apige mstari chini ya kila silabi yenye mkazo. Kisha atafute mahadhi ambayo pigo lake kubwa huangukia mistari hiyo. Akiona mahadhi aliyoyaazima hayakubali, asiyavunje maneno. Abadilishe mahadhi, au atunge mapya. Mwisho amwimbie mtu asiyeujua wimbo huo, amwombe ayarudie maneno aliyoyasikia. Akiyarudia yote bila kukosea, wimbo umekuwa tayari kufundishwa.