Mathe akija kukutembelea misheni Pwani, mpangie wikendi hivi

Simu huja Jumatano usiku, wakati umeshavua viatu na unangoja maharagwe yaive. "Tunakuja Ijumaa. Mimi, dada yako na khocha." Halafu mathe anakata kabla hujauliza watalala wapi.

Kama wewe ni mmoja wa vijana wa bara waliotumwa na kanisa kuhudumu huku Pwani, uwe unafundisha chekechea, unasaidia kwenye zahanati ama unaongoza kwaya, hiyo simu itakufikia. Mimi ilinifikia Kilifi, nikiwa nimebakisha miezi saba katika huduma yangu ya miaka miwili. Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani wanakuja kuona bahari.

Wacha nikwambie nilichojifunza, mazuri na mabaya, ili wewe usiyarudie makosa yangu.

Kwanza, kabla hujaanza kuota fukwe, nenda kwa kiongozi wako uombe ruhusa ya Jumamosi nzima. Usiombe Jumapili asubuhi. Watu unaowahudumia wakiambiwa hukuonekana ibadani kwa sababu ulikuwa Watamu ukipiga picha, utaisikia hiyo habari hadi siku unafunga virago. Tena mathe amesafiri kutoka Bungoma. Anataka kuona unafanya nini hasa, si mchanga pekee.

Pili, usijaribu kumaliza Pwani kwa siku mbili. Kuna jamaa tuliyehudumu naye ambaye aliwapeleka wazazi wake Fort Jesus asubuhi, akawavusha Likoni wakaione Diani, jioni wakarudi Malindi. Baba yake hakumsemesha hadi Jumatatu. Chagua upande mmoja. Kama kituo chako kiko kusini, una Shimoni na kisiwa cha Wasini, wacha kaskazini. Kama uko Kilifi kama nilivyokuwa, kila kitu kiko kwenye barabara moja ya kwenda Malindi na matatu hazikosi. Marafa nayo, ile bonde la mchanga mwekundu wenyeji wanaliita Nyari, ni pazuri kupindukia, lakini jua la pale si la mtu mwenye presha. Iache hadi mje vijana watupu.

Kuhusu usafiri, wengi wa bara sasa hushuka Nairobi kwa basi kisha wakapanda Madaraka Express, treni iliyoanza kubeba abiria 2017. Waeleze mapema mambo mawili. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, si mjini, kwa hivyo kutoka hapo mtahitaji matatu nyingine. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho. Khocha wangu alikiacha chake juu ya kabati Bungoma, akajikuta anakuja kwa basi usiku kucha huku mathe na dada wakila njugu kwenye treni. Alifika Kilifi saa kumi na moja alfajiri, macho mekundu, kitu cha kwanza akauliza, "Hapa ugali hupikwa saa ngapi?"

Wapeleke kwenye mahamri na mbaazi za nazi. Mathe aligeuza hamri mkononi, akaangalia ndani, akasema ni mandazi yaliyo na hewa. Alikula manne.

Jumamosi tulianza na Mnarani, upande wa kusini wa daraja la Kilifi. Hilo daraja lilifunguliwa 1991. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa feri. Magofu yenyewe yako juu ya mlima, chini yake hori la buluu linapinda hadi baharini. Kuna msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo na mibuyu ambayo watu watatu hawawezi kuizunguka kwa mikono. Beba kitambulisho chako hapa pia, kwa sababu Mkenya hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na uwe na pesa kwenye simu, maana makavazi mengi siku hizi hayashiki noti. Nusu saa inatosha. Usikawie, maana pahali penyewe pa siku ni mbele.

Barabara ya kwenda Gede inapita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita mraba 400 za miti ya asili iliyobaki. Mwambie dereva akushushe njia panda ya Gede, kisha mtembee ama mchukue tuktuk.

Mji wa Gedi (wenyeji husema Gede, mabango husema Gedi, usijisumbue) ndio uliomfungua mathe mdomo. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukawa na ukuta, jumba la mfalme, msikiti mkuu na visima, halafu katika karne ya 17 ukabaki bila watu. Msitu ukaumeza. James Kirkman alianza kuuchimba 1948, akakuta vyombo vya kauri kutoka China. Kuhusu kilichowafukuza wenyeji, wataalamu wanataja visima kukauka, vita na uvamizi. Mwaka wa 2024, UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mathe hakushtushwa na kauri. Alishtushwa na vyoo. Aliposikia nyumba hizi zilikuwa na vyoo vya ndani mamia ya miaka iliyopita, alisimama mlangoni akavitazama muda mrefu, akamwambia khocha, "Na wewe bado unaniambia cha shambani kinatosha."

Ficheni chakula. Tumbili wa Gedi wamezoea watu kuliko watu wenyewe. Ndizi ya khocha ilienda.

Sasa Mida. Hapa nenda taratibu, kwa sababu hapa ndipo mambo yalinigeukia.

Hori la Mida liko dakika chache kutoka Gede, upande wa Watamu. Lina msitu wa mikoko na daraja jembamba la mbao linaloning'inia kwa kamba katikati ya miti, linakupeleka hadi kibanda cha kutazamia ndege pembeni mwa maji. Kabla ya kwenda, muulize mvuvi yeyote saa za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele karibu dakika 50, kwa hivyo ratiba ya rafiki yako ya wiki jana haikufai. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanatoka mbali sana. Ndege huonekana vizuri maji yakiwa yanarudi, yanapowasukuma karibu na kibanda.

Sisi tulifika maji yametoka. Mathe hakuwa amewahi kuona bahari, na siku yake ya kwanza kuiona karibu, haikuwepo. Kulikuwa na tope linalong'aa hadi kule mbali, kaa wadogo wakiinua mikono kama wanaopiga kura. "Maji yameenda wapi?" Nikamweleza. "Na yatarudi yenyewe?" Yatarudi, nikamwambia, jioni.

Kijana aliyetuongoza akatueleza kwamba ada tuliyolipa husaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu na hori. Mpango huo uko hapo tangu 2001, na unaendeshwa na A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kuhifadhi mazingira. Wazo ni rahisi: mzazi akiona mikoko inamsomesha mtoto, hataikata achome makaa.

Dada yangu alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa kimya siku nzima, nikadhani ni uchovu. Akacheka kidogo, ile ya pembeni ya mdomo. "Kumbe huku hata mikoko hulipa karo. Ni bro tu."

Ndipo khocha akatoa bahasha. Kulikuwa na kazi, karani wa ghala, mtu wake wa karibu alikuwa ameshaongea na wenyewe. Ilikuwa inaanza tarehe moja ya mwezi uliofuata. Dada alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, mara ya pili muhula ule. Mathe hakuwa amekuja kuona bahari. Alikuwa amekuja kunichukua.

Nataka usikilize hapa, wewe ambaye bado hujaletewa bahasha yako. Mimi nilimjibu mama yangu kwa aya. Unazijua zile za kuacha nyumba na ndugu. Nilizisema vizuri, kwa sauti ya madhabahuni, nimesimama juu ya daraja la mbao mbele ya dada yangu aliyefukuzwa shule. Mathe hakubishana. Alifunga leso vizuri, akageuka, akashika kamba za daraja na kurudi alikotoka. Kutoka Mida hadi Kilifi hakusema neno, na hiyo ni karibu saa nzima ya matatu.

Usimjibu mama kwa aya. Kama huna jibu, sema huna jibu. Mkishafika nyumbani, kaa chini uandike kwenye karatasi posho yako ni ngapi, inaenda wapi, karo ni ngapi. Mimi nililifanya hilo saa tano usiku, na khocha ndiye aliyeshika kalamu. Posho yangu ilikuwa aibu kuandika. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mathe kuijua. Kwa mwaka mmoja na zaidi alidhani kanisa linanilipa mshahara mnono na mimi ninaula peke yangu.

Jumapili walikuja ibadani. Watoto wa chekechea walimvamia mathe kwa sababu walisikia ni mama ya mwalimu. Bibi mmoja, hawe wetu wa kiti cha mbele, alimshika mikono akamwambia mambo mengi kwa Kigiriama. Mathe akamjibu kwa Kibukusu. Hawakuelewana hata neno moja na walizungumza kama robo saa. Waliachana hawe akimwekea mfuko wa maembe.

Hapa kuna siri ya ratiba: usiwarudishe Miritini kwa barabara ya Mtwapa. Pitia Mavueni, Kaloleni hadi Mazeras. Ni vilima vya minazi mwanzo hadi mwisho, hakuna msongamano wa mjini, na Mazeras iko karibu na kituo cha treni. Kisha njiani mnapitia Rabai.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Katika miezi michache tu mkewe Rosine alikufa pamoja na mtoto mchanga. Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, wakaanzisha kituo Rabai. Jengo la kanisa la kale ndilo sasa makavazi madogo. Krapf aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na nusu ya tunachosoma kuhusu Kiswahili cha zamani kinapitia mikononi mwake. Lakini mathe alikwama kwa Rebmann. Huyo alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 29. Alimzika mke huku, macho yakamharibikia, akarudi kwao 1875 akiwa karibu kipofu na kufariki mwaka uliofuata.

Mathe aliitazama picha yake. "Na mama yake je?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi hasa sikufungua mdomo.

Tulikubaliana kwenye viti vya Miritini, treni ikiwa bado nusu saa. Nimalize miezi saba. Nusu ya posho iende kwa karo kila mwezi, moja kwa moja shuleni. Kilichobaki khocha auze ndama, nami nimlipe nikipata kazi. Yeye hakufurahi, na alikuwa na haki. Ile kazi ya karani ilichukuliwa na mtu mwingine wiki ileile, na baada ya huduma nilitafuta nyingine miezi kumi na mmoja. Ndama nimemaliza kumlipa mwaka jana. Dada alikosa wiki tatu za masomo na mpaka leo akikasirika huzitaja.

Yaani sikwambii ubaki wala uondoke. Nakwambia tu uiandike ile karatasi kabla hawajafika, ili Mida mkatazame ndege.

Jumatatu usiku simu ililia. Walikuwa wamefika Bungoma salama, maembe mawili yameoza, mengine yako sawa. Kisha mathe akanyamaza kidogo.

"Yale maji yalirudi?"

Nikamwambia yalirudi, na yametoka tena, na yatarudi. Akataka kujua Desemba shule zikifungwa yatakuwa ndani saa ngapi, kwa sababu khocha ameshakitoa kitambulisho kwenye kabati.