Utafiti wa Kisumu uliorejelewa duniani kote

UZITO wa mtafiti hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa wingi wa wasomi wanaorejelea kazi zake. Kwa Robert Bailey, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyepata kuchunguza maisha ya Waefe katika msitu wa Ituri, Kongo, makala iliyompa sifa hiyo ilizaliwa Kisumu, miongoni mwa Wajaluo ambao kwa jadi hawatahiri.

Kuanzia mwaka 2002, yeye na wenzake wa Kenya na Kanada walisajili vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Kwa kura, karibu nusu walitahiriwa mara moja, wengine walisubiri. Desemba 2006 jaribio lilisitishwa mapema, kwani maambukizi ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa takriban asilimia 53 kwa waliotahiriwa.

Makala ilichapishwa katika jarida la The Lancet Februari 2007. Mwezi uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza tohara, likitegemea pia majaribio ya Uganda na Afrika Kusini. Kenya ilianzisha mpango wake mwaka 2008, Nyanza ikitangulizwa.

Hata hivyo, kupunguza hatari si kuiondoa. Kondomu bado yahitajika. Na nyuma ya kila rejeo wapo vijana wa Kisumu, ambao majina yao hayamo katika jarida lolote.