Mchezaji ni Shahidi, Si Mshauri

Watoto wakicheza polisi na wezi, ugomvi hauchelewi. "Nimekupiga risasi!" "Hujanipata!" Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ameliona tukio lake kichwani, na kinachokosekana ni njia ya kukubaliana lipi ndilo lililotokea. Mchezo wa kuigiza wa mezani umejengwa juu ya tatizo hilohilo. Watu watatu, wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake, na mara nyingi mmoja wao huwa kiongozi anayesimulia ulimwengu na kuwasemea watu wengine wote waliomo. Si lazima pawe na ubao, wala hakuna bingwa wa kutangazwa. Kuna mazungumzo, karatasi, penseli, dadu, na kitabu cha kanuni kinachoamua nani ana haki ya kusema kilichotokea.

Mbunifu wa mchezo wa aina hii yuko katika hali ambayo waandishi wengi hawaijui. Mtunzi wa riwaya ana hakika kwamba msomaji atakutana na sentensi zilezile alizoziandika. Mbunifu huandika kanuni tu. Hadithi yenyewe itasimuliwa na watu asiowajua, katika sebule ambayo hatawahi kuingia. Kazi yake hukamilika yeye mwenyewe akiwa hayupo. Kwa sababu hiyo, namna anavyohusiana na wachezaji ni sehemu ya ubunifu wenyewe, na akiikosea hiyo, uhodari wake wote wa kuandika hautamwokoa.

Ninaloliamini katika kazi hii ni moja: mchezaji ni shahidi bora kuliko mshauri. Akikueleza kilichotokea mezani, mwamini. Akikuambia ubadilishe nini, msikilize kwa heshima, kisha nenda ukatafute chanzo.

Simu kutoka Santa Monica

Historia ya michezo hii inatupa ushahidi tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1974, Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, alichapisha mchezo alioutunga pamoja na Dave Arneson wa Minnesota, Dungeons & Dragons. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Kampuni ya Gygax ilikuwa changa, na kanuni zenyewe zilikuwa na mapengo mengi, hivyo wachezaji walilazimika kuandika barua na kupiga simu kuuliza.

Mwaka huohuo, wachezaji wa duka la Aero Hobbies huko Santa Monica, California, walimpigia Gygax na kumweleza aina mpya ya mhusika waliyoibuni mezani kwao: mwizi, mtu wa kufungua kufuli na kutegua mitego. Gygax alilipenda wazo hilo, akaliandikia kanuni zake, na mwaka 1975 mwizi akaingia rasmi katika kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Tangu hapo amekuwa miongoni mwa wahusika wanaojulikana zaidi katika michezo yote ya aina hii.

Ni kisa cha kupendeza, na pia ni funzo zito. Kabla ya mwizi, mhusika yeyote aliweza kutafuta mtego: mchezaji alieleza kwamba anagonga sakafu kwa fimbo au anamwaga maji aone yanapozama, na kiongozi akaamua. Mwizi alipopewa jedwali la asilimia za kutegua mitego, wengi walielewa kwamba wahusika wengine hawana uwezo huo. Kanuni iliyompa mmoja ruhusa iliwanyima wenzake bila mtu yeyote kukusudia. Mjadala huo bado unaendelea miongoni mwa wapenzi wa michezo hii. Wachezaji wa Santa Monica walikuwa mashahidi wazuri: mezani kwao palihitajika mtu wa hila, na hilo lilikuwa kweli. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa na madhara ambayo mbunifu peke yake ndiye aliyekuwa mahali pa kuyapima, kwa kuwa ndiye aliyeutazama mchezo mzima.

Ushahidi wa namna hiyo ulipata pia mahali pa kuandikwa: mwaka huohuo wa 1975, Lee Gold wa Los Angeles alianzisha jarida la Alarums & Excursions. Wachezaji walimpelekea kurasa zao, yeye akazikusanya kuwa toleo moja na kuwarudishia. Kila mtu alisoma jinsi wenzake wanavyocheza na kujibu katika toleo lililofuata. Jarida hilo lilidumu karibu nusu karne. Jonathan Tweet na Robin Laws, waliotoa mchezo wa Over the Edge mwaka 1992, walikuwa miongoni mwa waandishi wake. 

Kusoma tabia, si maombi

Mfano ninaoupenda zaidi wa kutafuta chanzo ni wa John Harper, mbunifu wa kujitegemea wa Marekani, na mchezo wake Blades in the Dark. Harper alichangisha fedha kwa umma mwaka 2015, akawapa waliomchangia matoleo ya awali wayacheze, na kitabu kamili kikatoka mwaka 2017. Wahusika ni genge la wahalifu katika mji wa giza, na kila mkutano huwa na tukio kubwa: kuvunja nyumba, kuiba, kutorosha mtu.

Aliyewahi kucheza hadithi ya wizi mezani anajua kinachofuata. Wachezaji hupanga. Hujadili mlango wa nyuma, walinzi, kamba, taa, na kama wataingia kwa paa. Saa nzima inapita na hakuna aliyeondoka mafichoni. Ukiwauliza wanahitaji nini, watakuambia wanataka ramani bora na habari zaidi kuhusu walinzi. Ukiwapa hivyo, watapanga kwa saa mbili.

Blades in the Dark inafanya kinyume kabisa. Kundi huchagua aina ya mpango, hutaja jambo moja muhimu kuuhusu, dadu hurushwa, na hadithi huanzia katikati ya tukio. Kizuizi kikitokea, mchezaji anaweza kurudi nyuma katika hadithi na kusimulia jinsi alivyojiandaa: jana nilimhonga mlinzi huyu. Hulipia kumbukumbu hiyo kwa pointi za msongo wa mawazo za mhusika wake, chache au nyingi kulingana na ugumu wa alichofanya. Hata vifaa havichaguliwi kabla. Mchezaji huamua tu uzito wa mzigo wake, kisha hutaja kilichomo pale anapokihitaji. Wahusika wanaonekana wajanja waliojiandaa vyema, na wachezaji hawakulazimika kupoteza jioni yao. Ukiisoma kanuni hiyo kwa makini, utaona inatibu hofu iliyo chini ya upangaji ule wote: hofu ya mchezaji kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakulifikiria mapema.

Dadu mbili na jibu la katikati

Apocalypse World ya Vincent Baker na Meguey Baker wa Massachusetts, iliyotoka mwaka 2010, ilitibu ugonjwa mwingine wa meza. Katika michezo mingi ya zamani, ukijaribu kufungua mlango na dadu zikakukataa, jibu lilikuwa "umeshindwa". Hakuna kilichobadilika, na wote wakatazamana.

Katika Apocalypse World unarusha dadu mbili za kawaida na kuongeza sifa ya mhusika wako. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata kati ya 7 na 9, umefaulu kwa gharama, au unapewa uchaguzi mgumu. Ukipata 6 au chini, kiongozi anasogeza hadithi mbele, na mara nyingi si kwa faida yako. Hesabu yake ni nzuri. Bila nyongeza yoyote, kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 6 ni ya ufanisi kamili, 15 ni ya katikati na 15 ni ya kukosa. Ukiwa na nyongeza ya 1, yanakuwa 10, 16 na 10. Yaani mhusika wa kawaida hukaa zaidi kwenye eneo la "ndiyo, lakini", na kila "lakini" humpa mtu fulani mezani kitu cha kusema. Kanuni hiyo haiachi ukimya.

Hatua za majaribio

Mbunifu anafikaje kwenye ujuzi kama huo? Kwanza hucheza na rafiki zake. Hatua hii ina mtego: kila penye pengo katika maandishi, yeye mwenyewe hulijaza kwa mdomo bila kujua. Pili, humwachia mwingine uongozi, na yeye mwenyewe huketi pembeni na daftari, bila kusahihisha hata wanapokosea. Kwa wengi hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, nayo ndiyo yenye mavuno mengi. Tatu, huwapelekea maandishi watu ambao hawajawahi kumwona, wacheze wenyewe. Hapo ndipo kitabu hupimwa kikiwa peke yake.

Baada ya mchezo, swali la "mmeupenda?" halisaidii, kwa sababu watu wenye adabu watajibu ndiyo. Maswali yenye faida huomba ushahidi. Ni wakati gani mlilazimika kufungua kitabu? Nani alizungumza kidogo kuliko wote? Simu zilitolewa mfukoni lini? Kanuni gani mliisahau na hakuna aliyeona pengo? Kanuni iliyosahaulika na meza tatu tofauti imekwishajihukumu yenyewe; ifutwe.

Kuna pia mambo ambayo mchezaji hatasema hata akiulizwa kwa upole. Hadithi inaweza kugusa msiba wake, au ukatili uliowahi kumpata, na akavumilia kimya ili asiwaharibie wenzake. John Stavropoulos alibuni suluhisho rahisi: karatasi yenye alama ya X katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo lililokuwa linasimuliwa huondolewa na mchezo unaendelea, bila maelezo kudaiwa. Naithamini kanuni hii kuliko nyingi za vita na uchawi, kwa kuwa inampa sauti mtu ambaye vinginevyo angebaki na maumivu yake. Kumsikiliza mchezaji ni pamoja na kumpa njia ya kusema bila kujieleza.

Kuwakabidhi mchezo

Hatua ya mwisho ya uhusiano huu ni kuachia. Sura mojawapo ya Apocalypse World huwafundisha wachezaji kutunga kanuni zao, na waandishi wake waliruhusu yeyote kuchapisha mchezo uliotokana na kazi yao. Matokeo yake ni pamoja na Dungeon World na Monsterhearts, yote miwili ya mwaka 2012. Jason Morningstar alipotoa Fiasco mwaka 2009, mchezo usio na kiongozi kabisa, mandhari zake za kuchezea ziliandikwa na watu wengi waliokuwa wachezaji tu jana yake.

Kampuni kubwa nazo zimekumbushwa somo hili. Mwezi Januari 2023, ilipojulikana kwamba Wizards of the Coast, wamiliki wa Dungeons & Dragons, wanakusudia kubana leseni huria iliyokuwapo tangu mwaka 2000, wachezaji na wabunifu wadogo walipinga kwa nguvu. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ilikuwa imerudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons. Watu walitetea kitu walichokihesabu kuwa chao, na walikuwa na haki: wao ndio waliokuwa wakikikamilisha kila wiki.

Kwa kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu anayetaka kuingia katika fani hii, gharama ya kuanza ni ndogo. Dadu mbili za ludo zinatosha kwa mchezo kama wa akina Baker, na kurasa chache zilizopigwa chapa zinatosha kwa jaribio la kwanza. Ulimwengu wa hadithi aupate kwake: bandari, stendi ya mabasi, mgodi, visiwa. Kinachohitajika zaidi ni meza ya watu wanaocheza kwa Kiswahili, na mbunifu mwenye subira ya kuwatazama wakikosea, kuandika walichofanya, na kurudi wiki ijayo na kanuni fupi kuliko ya kwanza. Wachezaji wake wakianza kubadilisha mchezo bila kumwomba ruhusa, asiumie. Hiyo ndiyo hati ya kufaulu.