Kadi ya Wanyama yenye saini: Kabla hujauza kadi zako za utotoni, soma hapa

KAMA ulikua ukikusanya kadi za wanasoka, huenda bado ziko mahali nyumbani: chini ya kitanda, juu ya kabati, au ndani ya sanduku la mama. Zangu zilikuwa Burat, kaunti ya Isiolo, ndani ya mkebe wa Kimbo, zimefungwa kwa raba iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli.

Nilizipata Desemba iliyopita, mchwa walipovamia chumba na tukalazimika kutoa vitu vyote nje. Kadi 63. Nyingi mjomba wangu alinunulia barabarani Nairobi, kwa wale wauza vitabu vya mitumba, enzi zile akipeleka mbuzi Kiamaiko kwa lori. Juu kabisa ilikuwa kadi ya Match Attax ya Victor Wanyama, amevaa jezi nyekundu ya Southampton. Kifuani ilikuwa na saini ya kalamu ya bluu.

Hiyo kadi ndiyo iliyonifanya niwe mtu mtaani. Wanyama alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2012, aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona tukapiga kelele kama tuliokuwa Glasgow. Kuwa na saini yake Burat ilikuwa kama kuwa na kipande cha mwezi.

Sasa chuo kilikuwa kinanidai Sh38,000, na bila kulipa singeingia chumba cha mtihani. Nikapiga kadi picha, nikaiweka kwenye WhatsApp. Rafiki mmoja akaandika, "Mse, hiyo ni laki mbili safi!" Kabla ya jioni mtu wa Nairobi nisiyemjua akanitafuta: Sh15,000, anatuma kwa M-Pesa saa hiyo hiyo.

Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni tamaa, si hekima. Nilitaka kujua kama ananipunja. Ndipo nikaanza kusoma jinsi kadi hizi zinavyopimwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

Hali ya kadi kwanza

Wakusanyaji wakubwa duniani hawaamini maneno ya muuzaji. Hutuma kadi kwa kampuni za kupima ubora, nyingi zikiwa Marekani. Inayojulikana zaidi ni PSA, iliyoanza 1991; nyingine ni Beckett, SGC na CGC. Kampuni hukagua kadi, huipa alama kutoka 1 hadi 10, kisha huifunga ndani ya plastiki ngumu yenye nambari yake. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya kampuni, maana hata hizo plastiki huigizwa na matapeli.

Wanaangalia vitu vinne. Cha kwanza ni kama picha imekaa katikati, yaani ukingo wa kushoto na wa kulia unalingana, wa juu na wa chini vilevile. Cha pili ni pembe, kama bado zina ncha kali au zimekuwa butu. Cha tatu ni kingo, kama rangi imebanduka ukaonekana weupe wa karatasi. Cha nne ni uso wenyewe: mikwaruzo, madoa, mikunjo.

Huhitaji kutuma kadi ng'ambo ili upate picha ya awali. Nawa mikono, ikaushe vizuri, washa tochi ya simu, kisha iinamishe kadi polepole chini ya mwanga. Mikwaruzo itajitokeza yenyewe. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja mezani kwa mama. Raba ya tyubu ilikuwa imeacha alama kwenye kingo za kadi karibu zote. Vumbi la Burat lilikuwa limekwaruza nyuso zake. Pembe zilikuwa za mviringo kama za sabuni iliyotumika, kwa sababu tulikuwa tukizipiga chini mchangani kushindania.

Onyo mawili hapa. Usiisafishe kadi kwa maji, mate, wala sabuni. Na tafadhali, usiipeleke saiba kupigwa lamineti! Najua Wakenya tunalamineti kila kitu, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi ratiba ya kanisa. Lakini kadi ikishapigwa lamineti haitoki salama. Tumia mfuko mwembamba wa plastiki unaoikaa vizuri, kisha kitu kigumu cha kuizuia isikunjike, na uiweke mbali na jua.

Saini ni kesi nyingine

Saini hupimwa peke yake, na swali la kwanza ni moja tu: nani aliiweka?

Kuna saini za aina tatu. Ya kwanza ni iliyochapishwa kiwandani pamoja na picha. Hiyo ni sehemu ya mchoro tu. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vinukta vidogo vya uchapishaji. Ya pili ni ile ambayo mchezaji aliiweka kwa mkono kwa makubaliano na kampuni iliyotengeneza kadi, na maandishi kwenye kadi yanathibitisha hivyo. Ya tatu ni aliyokuwekea mwenyewe uwanjani au hotelini. Hiyo ya tatu ndiyo yenye shida, kwa sababu ushahidi ni mdomo wako.

Si Kenya pekee kuna ujanja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI ya Marekani iliendesha msako ulioitwa Operation Bullpen na kunasa mtandao mkubwa wa watu waliokuwa wakighushi saini za wanamichezo na kuziuza na vyeti vinavyoonekana halali. Ndiyo maana cheti kilichochapishwa na muuzaji mwenyewe si ushahidi. Wataalamu hulinganisha saini na nyingine zilizothibitishwa: mwendo wa kalamu, kasi, mahali mkono unapoinuka. Saini ya kuigiza mara nyingi huonekana imechorwa polepole.

Na hapa wengi huumia: saini isiyothibitishwa inaweza kuhesabiwa kama kadi iliyochafuliwa kwa kalamu. Badala ya kuongeza thamani, inaishusha.

Bei ya kuulizia si bei ya kuuzia

Mwaka 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, ya mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, zaidi ya Sh1.5 bilioni. Habari kama hizo ndizo zinazotupa ndoto. Lakini ile ilikuwa ya zamani, ya nyota mkubwa, na zilizobaki katika hali nzuri vile ni chache mno. Kadi za Match Attax zilichapishwa kwa wingi na kuuzwa kwa watoto madukani.

Ukitaka bei ya kweli, ingia eBay, tafuta kadi yako, kisha chagua zionekane zilizouzwa tayari. Yeyote anaweza kuandika bei anayoota. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Halafu piga hesabu: ada ya kupimwa, posta ya kwenda, posta ya kurudi, bima, na ada ya kuthibitisha saini. Tuseme vyote vinafika Sh12,000 na kadi ikipimwa itauzwa Sh8,000. Umelipa ili upate hasara. Kadi ya namna hiyo iache nyumbani. Na mtu akikuambia utume pesa kwanza ili akutafutie mnunuzi, mblok.

Mjomba anasema ukweli

Ilibaki saini. Nikampigia mjomba, ambaye siku hizi analima vitunguu kando ya mto Isiolo.

"Mjomba, shikamoo. Ile kadi ya Wanyama, uliona akiiweka saini?"

Akacheka. Kisha akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Nilikuahidi nitakupeleka Kasarani kuona Harambee Stars," akasema. "Nauli ikakosa. Mama yako akaniambia ulilia siku tatu. Nikanunua kadi, nikaomba kalamu kwa konda. Ile saini ni yangu, mwanangu."

Sikujua nicheke au nikasirike. Miaka yote hiyo nilijigamba na mwandiko wa mjomba!

Nitasema ukweli: usiku huo nilifikiria kunyamaza. Yule mtu wa Nairobi hakuwa ameuliza swali hata moja. Sh15,000 ingekata zaidi ya theluthi moja ya deni. Lakini nilikuwa nimesoma juu ya waghushi wiki nzima, na sasa nilijua ningekuwa mmoja wao. Asubuhi nikamwandikia kila kitu. Alijibu kwa neno moja, "Sawa," na sikumsikia tena.

Deni tulilimaliza kwa njia tunazozijua. Mama aliuza mbuzi wawili soko la mifugo mjini Isiolo, nami nikang'oa vitunguu vya mjomba likizo nzima. Mtihani nilifanya.

Kadi iko ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kabla ya kuirudisha niliigeuza nyuma na kuandika kwa kalamu: "Saini ya mjomba, 2014." Mpimaji yeyote angesema nimeiharibu. Lakini siku moja mkebe huu utafunguliwa na mtoto wangu, na sitaki awe na maswali kama yangu.