Chura wa Kioo na Moto wa Kupimwa

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hivyo ndivyo wengi wetu wa pwani tumjuavyo chura: kwa methali, na kwa makelele yake usiku wa masika. Lakini katika nchi kavu kama ya Matinyani, huko Kitui, kiumbe huyu ana somo la kumfunza binadamu.

Nyanda kavu za mashariki ya Kenya zina chura mnene mchimbaji, ambaye wataalamu humwita Pyxicephalus. Mvua zikikatika, huchimba kwa miguu ya nyuma akajifukia, akajivika tabaka za ngozi yake iliyokufa mfano wa sanda ili maji yasimtoke, kisha akangoja. Mvua zinyeshapo, hutoka akaimba na kuzaa. Chura hana joto lake mwenyewe. Joto la mahali alipo ndilo lake. Jua likimzidi, hushuka ardhini, na huko ndiko kuokoka kwake.

Sasa, ndugu msomaji, chura wa namna hii hufugwa majumbani Ulaya na Marekani ndani ya sanduku la kioo. Baridi ya kule humlazimu mfugaji kumpasha joto, naye pengine huweka mkeka wa umeme chini ya sanduku. Hapo ndipo penye kosa. Chura akihisi moto hufanya kama wazee wake: huchimba kwenda chini. Kumbe chini ndiko kwenye moto! Huungua tumbo huku akidhani anajiokoa.

Wajuzi husema mkeka ubandikwe ubavuni, nje ya kioo, upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki na ubaridi na chura ajichagulie. Uunganishwe na kidhibiti joto kiuzimacho chenyewe, na kipimajoto kiwekwe kila upande. Kukisia kwa kiganja hakufai. Nyuzi 24 hadi 29 zamtosha chura huyu mchana. Globu isikae mahali awezapo kuirukia. Udongo uwe na unyevu, kwani chura hunywa kwa ngozi, na moto hukausha. Waya nao ulegezwe ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Wala haya si mchezo wa wenye nacho tu. Huko Kihansi, Tanzania, mwaka 1996 waligunduliwa vyura wadogo wa manjano walioishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakatunzwa katika vioo vyenye joto, mwanga na manyunyu ya kupimwa. Wengi walikufa mwanzoni, mpaka watunzaji walipojua kiasi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena. Mwaka 2012 wazao wa wale wa kiooni wakarudishwa Kihansi. Umeme uliowanyima maji ndio uliowahifadhi.

Tulifunzwa chuoni habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Amfungiaye kiumbe amebeba amana. Chura wa Matinyani ana ardhi ya kukimbilia; wa kiooni hana ila mfugaji wake.