Mpigapicha wa mbugani atangulize lenzi, si kamera

Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, kingo za mto huo hujaa magari yenye lenzi ndefu, na nyingi kati ya lenzi hizo zimeshikwa na wageni. Kijana Mkenya anayetaka kuingia katika kazi hiyo kwa kawaida huwa na akiba ya kununua vifaa mara moja tu. Akikosea, hungoja miaka. Na kosa linalorudiwa mno ni kuimaliza akiba yote kwa kamera yenyewe, kisha kuifunga lenzi ndogo iliyouzwa pamoja nayo.

Kinachoamua ni mwanga. Simba na chui huwinda zaidi usiku, na pia jua linapochomoza na linapotua, nayo malango ya mbuga nyingi za Shirika la Wanyamapori (KWS) hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Aidha, hapa Ikweta jua huchomoza na kuzama kwa haraka, hivyo mwanga mwanana ni wa muda mfupi. Lenzi hupimwa kwa herufi f, na kadiri nambari inayoifuata ilivyo ndogo ndivyo tundu lake lilivyo kubwa. Lenzi ya f/4 huingiza mwanga mara nne ya ule unaoingia kwa f/8. Ya kwanza ikikuruhusu kupiga kwa sehemu moja ya 800 ya sekunde, ya pili itakulazimisha kushuka hadi sehemu moja ya 200, na chui anayekimbia atageuka ukungu. Nyumbu wanaovuka adhuhuri hawana tatizo hilo. Lenzi yoyote ya wastani itawanasa.

Urefu nao una mipaka. Mchana wa jua kali Amboseli, joto linalopanda kutoka ardhini huitetemesha picha, na lenzi ya milimita 800 huukuza mtetemo huo pamoja na ndovu. Hakuna fedha inayoutibu. Dawa ni kusogea karibu, au kusubiri jioni.

Kuhusu kamera, zile ambazo kinasa-mwanga chake ni kidogo hazistahili kudharauliwa. Nikon D500 ya mwaka 2016 hupiga picha 10 kwa sekunde, na lenzi ya milimita 400 juu yake humwonyesha mnyama kana kwamba ni ya 600. Kasoro yake ni chengachenga giza linapoingia. Kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, kama Nikon Z9 ya 2021, hupiga kimya kabisa, na hiyo ni faida kubwa mbele ya mnyama mwenye hofu. Hata hivyo, nyingi za bei nafuu zikipiga kimya hupinda mabawa ya ndege arukaye, nazo hula betri upesi. Mbali na umeme, betri za akiba si anasa.

Vumbi ndilo adui asiyetajwa madukani. Kubadilisha lenzi garini wakati wa kiangazi ni kulikaribisha ndani, ndiyo maana wenye uzoefu hubeba kamera mbili, kila moja na lenzi yake. Stendi ya miguu mitatu haina nafasi garini. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe, ukiwekwa dirishani, huishikilia lenzi vyema zaidi, mradi dereva azime injini.

Anayenunua vifaa vilivyotumika aulize kamera imekwisha kupiga picha ngapi: shata ya D500 ilijaribiwa na mtengenezaji hadi picha 200,000. Lenzi nayo aimulike kwa tochi kutoka nyuma, hasa ikiwa ilikaa Pwani, ambako unyevu huotesha kuvu katikati ya vioo. Nyuzi nyeupe zinazofanana na utando wa buibui zikionekana humo, airudishe kwa mwenyewe.